Jezi ya Raptors: Barnes, Barrett, Ingram au Quickley? Nani hataondoka?

BabaIdi (Temeke)
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike anarudi kutoka Toronto Jumamosi. Begi lake limeshajaa zawadi za ukoo mzima, amenikubalia jezi moja tu ya Raptors, timu ya NBA ya huko. Nasita kati ya Barnes, Barrett, Ingram na Quickley. Sitaki jezi ya mchezaji ambaye atauzwa kabla haijafuliwa mara mbili. Kwa mnavyoiona timu baada ya usajili wa kiangazi hiki cha 2025, nani yuko salama? Ijumaa ndiyo anaingia dukani.

MkenyaScarborough
Karibu ndugu, lakini umetuachia nusu ya habari. Jezi utavaa wewe au mtoto? Saizi gani? Bajeti je? Hapa Toronto ile Swingman ya Nike (jezi rasmi ya mashabiki) ya mtu mzima inacheza kwenye dola 150 za Kanada, halafu Ontario wanakuongezea kodi ya asilimia 13. Ya mtoto ni nafuu zaidi. Na hilo neno "salama" una maana gani: salama mpaka msimu uanze Oktoba, au salama mpaka dirisha la kubadilishana wachezaji lifungwe Februari? Hayo ni maswali mawili tofauti.

MzeeWaMakande (Mombasa)
Barnes. Namba 4. Mkataba wake mpya wa miaka 5 ndio kwanza unaanza msimu huu, dola milioni 224 na ushee. Chipukizi bora wa ligi mwaka 2022, akaitwa mechi ya nyota wa ligi, All-Star, mwaka 2024, na umri wake ni miaka 24. Ukimtoa huyo hakuna timu. Sioni la kujadili.

MwanaKivu (Kigali)
Mzee shikamoo. Barnes hata mimi nampenda, lakini huwezi kujibu swali la jezi kabla hujajibu swali la watano wa kwanza. Wapange: Quickley, Barrett, Ingram, Barnes, Poeltl. Kwa majina ni watu wazito. Sasa waweke uwanjani. Quickley peke yake ndiye mabeki wanamwogopa nje ya mstari wa pointi tatu kila usiku. Barnes msimu uliopita alitupia tatu kwa asilimia 27. Poeltl hatupi kabisa kutoka mbali. Ingram anapenda kusimama katikati, pale karibu na mstari wa mitupo huru, na kufyatua juu ya kichwa cha beki. Barrett anapenda kuingia ndani. Barnes naye anataka mpira palepale. Abiria watatu, bodaboda moja.

Mimi ningemweka Barrett aanzie benchi na kumwanzisha Agbaji, ambaye msimu uliopita alitupia tatu kwa karibu asilimia 40 na anakaba bila kulalamika. Barrett akiingia na kikosi cha pili anapewa mpira wote, anakimbia anavyotaka. Ila mwanaume wa pointi 21 kwa mechi akikalishwa benchi nyumbani kwao, miezi mitatu haipiti kabla jina lake halijaanza kutajwa kwenye mabadilishano.

MhasibuWaKikapu (Dodoma)
Afadhali MwanaKivu umefungua. Mimi nitaleta hesabu, maana NBA ya sasa inaongozwa na kalamu kuliko mpira.

Kikomo cha mishahara msimu wa 2025/26 ni dola milioni 154.6. Barnes anachukua takriban 38.7, Ingram 38.1, Quickley 32.5, Barrett 27.7, Poeltl 19.5. Jumlisha. Watano hao peke yao wamepita 156, yaani kabla hujamlipa hata mtu mmoja wa benchi umeshavuka kikomo. Kuvuka kikomo kunaruhusiwa ukiwa unawabakiza watu wako, lakini kuna mstari mwingine juu yake, ule wa kodi ya anasa inayotozwa timu yenye mishahara mikubwa mno, milioni 187.9. Raptors wanaugusa. Timu iliyoshinda mechi 30 na kufungwa 52 kulipa kodi ya anasa ni aibu ambayo wenye timu hawataivumilia. Walilipa msimu wa ubingwa, 2018/19, na hakuna aliyelalamika, kombe lilikuja.

La muhimu kwako BabaIdi: kodi hiyo inahesabiwa kwa mishahara iliyopo siku ya mwisho ya msimu wa kawaida. Kwa hiyo hawana presha leo. Wanaweza kuanza na wote Oktoba, watazame kama wanaelewana, halafu Februari wapunguze. Wakitaka kupunguza kidogo, wataanza na mkataba mdogo unaoisha kama wa huyo Agbaji. Wakitaka kubadilisha sura ya timu, jina la kwanza ni Barrett, kwa sababu milioni 27.7 ni mshahara wa ukubwa unaotafutwa: unatosha kulinganishwa na mchezaji mkubwa, lakini haumtishi anayempokea.

MzeeWaMakande
Hesabu nzuri. Lakini jamani tuache hili neno "kuuza". NBA hawauzi mchezaji kama Simba na Yanga. Wanabadilishana mtu kwa mtu, au mtu kwa nafasi za drafti, yaani za kuchagua chipukizi wapya.

MkenyaScarborough
Mzee, mtu akiamka asubuhi akaambiwa ahamie mji mwingine bila kuulizwa, wewe kiite unavyotaka. DeRozan mwaka 2018 alikuwa amewapa miaka 9, anasema wazi Toronto ni nyumbani, akaamka yuko San Antonio. Mimi nilikuwa kazini zamu ya usiku siku ile. Jamaa wa Kijamaika tuliokuwa naye alivua glavu akakaa chini kwenye boksi, hakusema neno mpaka mapumziko.

MzeeWaMakande
Na kwa kubadilishana naye akaja Kawhi Leonard, na kombe likaja.

MkenyaScarborough
Likaja. Na Kawhi akaondoka Julai hiyohiyo ya 2019. Waliokimbilia jezi namba 2 uliza wanazifanyia nini.

Namba43 (Arusha)
Ngojeni niseme langu, kwa sababu BabaIdi anauliza kitu ambacho mimi kimeshanipata.

Desemba 2023 niliamua nitanunua jezi halisi kwa mara ya kwanza maishani. Si ya mtumba, si ile ya kariakoo inayobanduka namba, halisi. Nilikuwa nimeweka pembeni kila mwezi kuanzia Juni. Binamu yangu alikuwa Toronto, nikamwambia Siakam, namba 43, nyekundu. Sikusita hata kidogo. Siakam nimemfuata tangu anatoka benchi kabla ya ubingwa, kijana wa Douala aliyeanza mpira wa kikapu ukubwani, nikaona huyu ndiye wangu. Binamu akanunua, akaikabidhi kwa wasafirishaji wa vifurushi, maana yeye alikuwa haji.

Tarehe 30 Desemba Raptors wakamwachia mwenzake OG Anunoby kwenda New York, wakaletwa Barrett na Quickley. Binamu akanipigia: "Wanasafisha nyumba, unaonaje nirudishe hii?" Nikamwambia Siakam hawezi kuguswa, ni bingwa wa 2019. Na kifurushi chenyewe kilikuwa kimeshaondoka. Kikakwama njiani. Wiki ya kwanza wananiambia kiko Dubai. Wiki ya pili wananiambia karatasi hazijakamilika. Tarehe 18 Januari naamka kwa swala ya alfajiri, nafungua simu: Siakam Indiana. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi mpaka mke wangu akadhani kuna msiba nyumbani.

Kifurushi kilifika mwisho wa Januari. Nilikifungulia palepale kaunta kwa kisu cha yule dada wa risiti. Ile harufu ya nguo mpya ikatoka, jina lake limenyooka mgongoni, herufi hazina hata kasoro. Nzuri mno. Nikaikunja tena nikairudisha kwenye nailoni yake. Zaidi ya mwaka sikuivaa.

Niliivaa mara ya kwanza Juni mwaka huu, mechi ya 7 ya fainali, Indiana Pacers na Oklahoma, saa tisa usiku. Siakam ndiye alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa fainali za Mashariki. Nimevaa jezi ya Toronto naishangilia Indiana peke yangu sebuleni, sauti ya TV imezimwa watoto wasiamke. Wakafungwa. Lakini siku ile ndipo nilipojua nilinunua jezi ya mtu, sikununua ya timu. BabaIdi, amua kwanza unanunua ipi kati ya hizo mbili.

MwanaKivu
Pole sana ndugu yangu. Na ukitazama, huyo Siakam ndiye aliyemleta Ingram. Indiana walimtoa Bruce Brown na nafasi tatu za drafti za raundi ya kwanza. Februari mwaka huu Bruce Brown huyohuyo, na Olynyk, na nafasi moja kati ya zile tatu, wakaenda New Orleans kumchukua Ingram. Ile 43 yako imegeuka namba 3, ya Ingram.

Namba43
Na hiyo namba 3 haijacheza hata mechi moja kwetu. Alikuja na kifundo cha mguu kilichoumia tangu Desemba, akapewa milioni 120 za miaka mitatu akiwa amevaa koti la benchi. Mimi sina ugomvi na kijana, namtakia afya. Ila jezi yake singemshauri mtu mpaka nimwone akimaliza Novemba.

MhasibuWaKikapu
Kwa afya hata Quickley ana deni. Msimu uliopita mechi 33 kati ya 82. Mkataba wake unaenda mpaka 2029. Akirudi mzima, ndiye anayefungua uwanja kwa wote hao wanaogombania katikati. Asiporudi, huo ndio mkataba mgumu kuliko yote kumpa mtu mwingine. Kwa hiyo kwa maana ya "kutoondoka" Quickley yuko salama, lakini kwa sababu isiyofurahisha.

ShangaziKikapu (Mwanza)
Nimesoma yote. Mnabishana vizuri, lakini muulizaji bado hajajibu alichoulizwa mwanzo kabisa. BabaIdi, jezi ni ya nani?

MzeeWaMakande
Na wakati tunamngoja: Masai Ujiri, aliyekuwa rais wa Raptors, asingeiacha timu ifike hapa. Mama yake ni Mkenya, kijana wetu yule. Wamemwondoa Juni 27, siku moja tu baada ya drafti kumalizika, baada ya miaka 12 na kombe la kwanza la NBA kwa nchi nzima ya Kanada.

MhasibuWaKikapu
Mzee kwa heshima, timu imefika hapa Masai akiwa kwenye kiti. Alimchelewesha Siakam, akamchelewesha Anunoby, VanVleet akaondoka bure kwenda Houston 2023. Wangebadilishwa mwaka mmoja mapema tungekuwa na mali mara mbili.

MwanaKivu
Wote mna haki. Mimi wiki iliyopita nilikuwa BK Arena hapa Kigali kwenye tamasha la Giants of Africa, taasisi ya Masai ya kikapu cha vijana. Hapo jirani Masai amefungua Zaria Court: uwanja, hoteli, sehemu ya watoto kuchezea. Niliwaona watoto wa kutoka nchi nyingi za bara hili wanafundishwa hatua mbili za kwenda kikapuni, mmoja anaongea Kifaransa, mwingine Kiswahili, mwalimu anaonyesha kwa miguu tu. Mtu akishafanya hayo, mimi kosa la VanVleet nalisamehe.

MzeeWaMakande
Asante. Na msisahau bahati ya drafti haina mwenyewe. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa 2, Memphis, mbele ya Harden wa 3 na Curry wa 7. Raptors mwaka uleule walikuwa na nafasi ya 9 wakampata DeRozan. Mwaka huu tena nafasi ya 9, Murray-Boyles. Tumpe muda.

MkenyaScarborough
Mzee, "wetu" Mkenya au "wetu" Mtanzania?

MzeeWaMakande
Wetu wa pwani yote. Kijana wa futi saba na inchi tatu akitokea Dar, Mombasa inapiga vigelegele pia.

BabaIdi
Wakuu samahanini, nilikuwa kazini. Niwe muwazi.

Jezi ni ya mwanangu Idi, ana miaka 13. Anacheza pale Don Bosco Upanga, Jumamosi na Jumapili, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Ni mkono wa kushoto. Bibi yake amemfundisha kula kwa kulia, na anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia. Lakini mpira ukifika mkononi unahamia kushoto wenyewe. Kuna wenzake walikuwa wanamwambia anatupa kama anafukuza nzi. Aliwahi kuacha kwenda wiki tatu.

Siku moja tunaangalia vipande vya mechi kwenye simu yangu, Barrett akapokea pembeni, akamwacha beki kwa bega, akamalizia kwa kushoto kwenye kioo. Idi akaichukua simu, akairudisha nyuma, akaangalia tena. Tena. Akaniambia, "Baba, huyu anashika kama mimi." Kuanzia hapo anaifanya hiyo kwenye ukuta wa jirani mpaka giza. Msimu uliopita aliniomba nimwamshe saa tisa na nusu za usiku kama mara nne, mechi za kwao za saa moja na nusu jioni.

Kwa hiyo moyo unaniambia Barrett. Lakini kila ninachosoma kinasema Barrett ndiye wa kwanza kuondoka, na ninyi ndio mmenithibitishia. Naogopa nimpe Agosti halafu Desemba nimkute anaitazama kama Namba43 alivyoitazama ya kwake.

ShangaziKikapu
Sasa umeuliza swali. Mnunulie Barrett.

Nimefundisha watoto miaka 11. Mtoto wa kushoto anakuwa peke yake uwanjani, mazoezi yote yanaonyeshwa kwa kulia, hata mwalimu anasimama upande usio wake. Akipata mtu mmoja wa kumwiga, mwili unatulia. Harden ni wa kushoto, Ginobili alikuwa wa kushoto, mabeki walikuwa wanajua hao wanaenda wapi na bado hawakuwazuia. Mwambie hivyo.

MhasibuWaKikapu
Shangazi, sipingi mapenzi. Lakini mzazi ameuliza nani hataondoka, na jibu la hesabu ni Barnes. Barrett mkataba wake unaisha 2027. Uwezekano wa kuvaa Raptors siku hiyo ni mdogo sana. Pia mitupo huru alitia asilimia 63 tu msimu uliopita, mtoto asiige hiyo.

Namba43
Mimi niliyeumia nasema Barrett. Mtoto hafuati Toronto, anafuata mkono. Mkono hauondoki kwa mabadilishano. Akienda Indiana au popote, jezi inabaki ya siku alizomwona.

MwanaKivu
Kuna njia ya tatu. Vince Carter, nyota wa zamani wa Raptors, namba 15. Jezi imeshapandishwa paani Novemba 2024, ya kwanza katika historia ya timu. Hakuna anayeweza kumwondoa tena.

MkenyaScarborough
Carter! Ndugu, hapa kuna watu walimzomea miaka kumi baada ya kulazimisha kuondoka Desemba 2004. Tumesamehe, lakini usilete jina hilo kama mfano wa uaminifu.

MwanaKivu
Sikusema uaminifu. Nimesema haondoki.

MzeeWaMakande
Mwulize mtoto mwenyewe.

BabaIdi
Nilitaka iwe ya kushtukiza, mzee. Kafaulu vizuri mitihani ya katikati ya mwaka.

MkenyaScarborough
Ushauri wa dukani basi: aulize saizi ya vijana, kubwa, si ya watu wazima ndogo. Mabega ya jezi ya mtu mzima yanamwangukia mtoto, mkono wa kutupia unakosa nafasi. Na aende duka la uwanjani kwenyewe, Scotiabank Arena, wana namba nyingi zaidi.

BabaIdi (Ijumaa usiku)
Yuko dukani sasa hivi, huku ni saa nne usiku. Amenitumia picha. Saizi ya vijana kubwa ipo ya Barnes na ya Quickley. Ya Barrett imebaki ya watu wazima, ya kati. Nimemwambia asiondoke kwanza.

ShangaziKikapu
Ya kati atakua nayo. Miaka 13 wanaongezeka wakiwa wamelala.

MhasibuWaKikapu
Au Barnes inayomtosha leo, acheze nayo leo.

Namba43
Akiivaa juu ya fulana haitamwangukia sana. Mimi ningechukua ya kati.

MwanaKivu
Kuna mtu ameona taarifa za kocha Rajaković kuhusu nani ataanza? Maana kama Barrett anaanza, hata Mhasibu atalegea.

MhasibuWaKikapu
Sitalegea. Februari ndiyo inanisubiri.

MkenyaScarborough
BabaIdi, bado yuko hapo? Maduka ya mjini yanafungwa usiku, lakini asizubae.

BabaIdi
Yuko foleni. Ameshika zote mbili, anasubiri niseme. Mama Idi naye ameamka anaangalia picha, anasema ya kati itamfika magotini.

ShangaziKikapu
Inachomekwa. Na Desemba mkija Mwanza kwa likizo mlete kiwanjani, nina vijana wawili wa kushoto hapa hawajawahi kukutana na wa tatu. Aje na mpira wake.